Draiva Mpya ya Gesti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 12 Mei. Kilosa

…na ndiyo maana nasema kitanda cha sita kwa sita ni ukatili kwa mtu mmoja. Nimelala upande wangu. Upande wa Kishiwa nimeuacha wazi kwa heshima. Mvua usiku kucha. Mto wake bado unanukia mafuta ya nazi. Nimeunusa mpaka nikapiga chafya.

Mke wangu! Neno tamu lililoje. Mke wangu, mke wangu. Nimeliandika tena bila sababu yoyote. Tulifunga ndoa Jumamosi ile baada ya Pasaka, na kabla hata zawadi za sahani hazijatolewa kwenye makaratasi, mama yake akamwita arudi Mikumi "kwa siku chache". Siku chache za nani? Mama mkwe, yaani Mama Shimba, ana gesti pale barabara kuu. Wageni wa mbugani huweka nafasi kwa mtandao, na kompyuta anaijua Kishiwa peke yake. Binamu yake, Lightness, anafundishwa, lakini analalamika kwamba mtandao unakokota miguu. Ukurasa mmoja ukifunguka, mtu ameshasuka nywele na kufumua.

Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Mtandao ukikimbia, Lightness atajifunza. Lightness akijifunza, Kishiwa anarudi. Kwa nini hakuna aliyeliona hili? Leo kazini (niko steshenari, karibu na bomani, nachapa na kutoa kopi) nimepakua draiva mpya ya mtandao, kile kiprogramu kinachoifundisha kompyuta namna ya kushika intaneti. Maelezo yanasema ni ya kisasa kabisa. Imetengenezwa kwa kompyuta za aina nyingine, lakini kompyuta ni kompyuta. Ipo kwenye flashi. Flashi ipo mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nimeaga kazini kwamba naumwa. Si uongo. Naumwa upendo.

Nimemtumia Kishiwa ujumbe kwamba nakuja kumchukua. Ameuliza nimemwambia nani. Nimejibu nimeuambia moyo wangu. Hakuandika tena. Bila shaka alikuwa analia kwa furaha.

Jumanne, 13 Mei. Mikumi

Barabara ya kupitia kijiji cha Ulaya imekuwa uji. Gari limekwama, tumeshuka, tumesukuma, tumepanda, limekwama. Nimefika na matope magotini na soli moja.

Kishiwa alikuwa mlangoni kavaa kitenge cha kijani. Moyo ulinisimama! Malori yakapiga honi, nadhani kwa ajili yetu. Nilitaka kumkumbatia, akanionyesha kwa macho kwamba mama yuko ndani. Tukapeana mikono kama wajumbe wa mkutano.

Kisha pigo. Kompyuta haipo mapokezi! Mgeni mmoja aliondoka na mausi, kwa hiyo Mama Shimba akaihamishia chumbani kwake. Chumba anacholala! Na hawa ni Wasukuma wa mila hasa. Mkwe haingii chumba cha mama mkwe hata nyumba ikiungua. Hatazamani naye usoni. Hata salamu nimeitoa nikiwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta. Shikamoo, mama. Ukuta ukajibu marahaba.

Sikukata tamaa. Kishiwa akaingia na flashi, mimi nikasimama uani nje ya dirisha, mgongo kwenye wavu wa mbu, uso kwenye tenki la maji. Nikaelekeza. Fungua. Kubali. Kubali. Kubali. Kompyuta ikauliza kama tuna uhakika. Nikasema kwa sauti ya kiume kwamba tuna uhakika. Ikazima, ikawaka. Kishiwa akapaza sauti kwamba mtandao umeshika! Nikaruka. Kuku wakatawanyika. Halafu Kishiwa akasema, kwa ile sauti yake nzuri, kwamba mausi haiendi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, inatafakari.

Magharibi imeingia. Bado inatafakari.

Jumatano, 14 Mei

Haitafakari. Imeganda. Ukiiwasha inakuja vizuri, picha ya twiga inatokea, mausi inatembea hatua chache kama ndama aliyezaliwa sasa hivi, kisha vyote vinakufa kwa pamoja, hata saa ya pembeni. Uzime kwa nguvu, uwashe, yale yale.

Na wageni wote wamo tumboni mwake. Jumamosi inakuja kwaya nzima kutoka Iringa, na hakuna anayekumbuka waliahidiwa vyumba vipi. Mama Shimba ametangaza: mashine isipopona, Kishiwa haondoki mapokezi. Tangu alfajiri yuko pale, simu sikioni, anampigia kila mtu aliyewahi kuulizia kitanda. Nikiwa Kilosa nilikuwa namwona kwenye video, uso mzima, na tabasamu juu. Sasa tuko nyumba moja namwona kisigino tu, na pindo la kitenge likikata kona.

Usiku hauna nafuu. Ukweni mke na mume hawalali pamoja. Yeye analala na Lightness. Mimi nimepewa chumba cha mwisho, jirani na jenereta. Tunakoroma kwa zamu.

Lightness hataki kuigusa kompyuta, anasema ina pepo. Kwa hiyo aliyebaki chumbani ni mama mkwe mwenyewe. Nitamwamuruje mama mkwe? Nikawaza. Nikapata! Nikaliambia tenki: ewe tenki, kama kuna mtu humo ndani, mwombe abonyeze kitufe kikubwa mpaka izime.

Sauti nzito ikatoka dirishani. "Tenki, mwambie kijana vitufe vikubwa viko viwili."

Tenki, mwambie ni kile cha juu. Tenki, cha juu ni cha redio. Basi tenki, cha chini. Cha chini kimebonyezwa tangu jana, tenki, na kidole kinauma. Tukaendelea hivyo hadi adhuhuri, mimi, tenki na mama mkwe. Heshima imetunzwa kikamilifu. Kompyuta haikupona. Redio imepoteza stesheni zote.

Jioni mvua. Ugali na mlenda. Nimekula peke yangu nikisikiliza mke wangu akimwomba msamaha mtu wa Tunduma kwa simu.

Alhamisi, 15 Mei

Frank. Frank! Fundi simu wa stendi, mvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Lightness ndiye aliyemwita. Akavua viatu, akanipita, akaingia chumbani kwa mama mkwe wangu kama anaingia dukani. Yeye si mkwe wa mtu, hana mipaka. Nikiwa dirishani nikamsikia anauliza kama mashine hii ilitibiwa na daktari wa ng'ombe. Mama Shimba akacheka. Akacheka! Mimi hajawahi kunichekea hata kupitia ukuta.

Frank akachomeka bloa yake, akapuliza vumbi, akatangaza kwamba ni RAM, yaani kumbukumbu ya mashine. Kwa Frank kila kitu ni RAM. Simu ikitumbukia chooni, RAM. Akaiwasha. Ikakaa! Mausi ikazunguka kioo kizima. Nikawaona wajukuu wangu wakisimuliwa kwamba bibi yao aliokolewa na Frank.

Akakaribishwa sebuleni, kwenye kochi, akawekewa kuku na maziwa ya mgando. Akaninyooshea paja la kuku kupitia dirisha. "Shem, vipi, bado unalinda tenki?"

Sikumjibu. Mungu akamjibu. Lightness alikuwa amechomoa ruta, kile kisanduku kinacholeta mtandao, ili Frank apate pa kuchomeka bloa. Sasa akairudisha ruta mahali pake. Mtandao ukashika, na kompyuta ikaganda palepale, na Frank paja mdomoni. Nilivyofurahi! Halafu nikakumbuka kwamba isipopona Kishiwa haondoki. Nikahuzunika. Halafu nikamtazama Frank akitafuta viatu vyake, nikafurahi tena kidogo.

Nimegundua jambo lakini. Bila mtandao haigandi! Nikalipelekea tenki pendekezo kwamba iachwe bila mtandao milele. Jibu likaja kabla sijafunga mdomo. "Tenki, muulize kijana, ng'ombe nikimfunga mdomo ili asipige chafya, atakula wapi?"

Nikaliangalia tenki linisaidie. Likadondosha tone moja.

Ijumaa, 16 Mei

Nimesoma kwenye simu tangu jogoo wa kwanza hadi bando likakata. Dawa ipo. Ni draiva yangu ndiyo inayoikaba. Duniani kuna watu wengi walioganda kama sisi, nimesoma vilio vyao, nikajisikia mwenye ndugu. Unaiwasha kompyuta ikiwa nusu usingizini, hali wanayoiita Safe Mode, ambayo haigusi mtandao kabisa. Kisha unaiamuru irudishe draiva ya zamani. Ileile ya kukokota miguu! Inauma. Lakini kwaya iko njiani.

Kishiwa akatolewa kwenye simu, akaingia chumbani. Mama Shimba akakaa kitandani kusimamia. Mimi nikashika nafasi yangu, mgongo kwenye wavu. Na hapo ndipo nilipotambua. Tangu nifike, hii ndiyo mara ya kwanza mke wangu kuwa karibu nami kiasi hiki! Nasikia bangili zake. Nasikia akimeza mate. Kati yetu ni wavu wa mbu tu. Hila ikanijia. Kwa nini niharakishe?

Kuizima ghafla mara tatu ikiwa inaamka kungetosha. Nikasema mara saba. Kila baada ya kuzima nikasema tusubiri ipoe. Ikiwa inapoa nikamwuliza kwa sauti ya chini kama amekula. Akasema kiporo cha wali. Ikiwa inapoa tena nikamwuliza kama ananikumbuka. Akanong'ona kwamba anakumbuka hata ninavyokoroma. Kwamba jana alisinzia mapokezi, akaota yuko kwetu anatandika kitanda, akaamshwa na dereva wa lori anauliza choo kiko wapi. Alisema yote hayo bila kulalamika. Tenki likawa na ukungu.

Sauti ikatoka kitandani. "Tenki, muulize kijana, hiyo kompyuta ina matumbo mangapi mpaka icheue hivyo?"

Tukaendelea. Chagua kutatua tatizo. Chagua zaidi. Bonyeza nne. Akasema kioo kimekuwa cheusi na maandishi makubwa mabaya. Nikasema ndiyo yenyewe, mpenzi. Sasa orodha ya vifaa, vifaa vya mtandao, sifa zake, draiva, rudisha ya zamani. Alikuwa anafika kabla sijamaliza kusema. Vidole vile! Kompyuta ikauliza kwa nini tunarudisha ya zamani. Kishiwa akauliza ajibu nini. Nikasema ajibu mapenzi. Akachagua jibu la kwanza.

Ikazima. Ikawaka. Twiga akatokea. Ruta ikachomekwa. Tukashika pumzi. Mausi ikatembea, ikatembea, ikatembea! Ukurasa wa kwaya ukafunguka, taratibu kama kawaida yake, jina baada ya jina. Lightness akapiga vigelegele huko mapokezi. Mama Shimba akasema maneno mengi ya Kisukuma, na ndani yake nikasikia jina la Kishiwa mara nyingi na langu halikuwemo, lakini najua lilikuwa linakuja.

Nimeshinda! Jumapili tunaondoka, mimi na mke wangu.

Jumamosi, 17 Mei

Kwaya imefika na waimbaji wa besi wengi kuliko ilivyoahidi. Chumba changu wamepewa besi. Nimehamishiwa stoo, kati ya magodoro na dumu la dawa ya choo. Nimebeba maji, nimebeba magodoro, nimebeba mwalimu wa kwaya aliyeteleza kwenye tope. Sijanung'unika. Mshindi hanung'uniki.

Frank amepita na miwani yake kumweleza kila mwenye masikio kwamba kompyuta ilipona kwa sababu aliitoa vumbi, dawa ikachelewa tu kufanya kazi. Nikamwambia arudi kwenye chaja zake. Akaniuliza kama nimeshawahi kuiona hiyo kompyuta niliyoitengeneza. Watu wakacheka. Kusema kweli sijaiona. Sijui hata ni ya rangi gani.

Kishiwa anakimbia kati ya chumbani na mapokezi, karatasi mkononi, kalamu kwenye nywele. Kila besi anamwita dada. Mama Shimba anamfuata nyuma kama mtu aliyenunua ng'ombe mzuri mnadani na anaogopa asiibiwe. Nimeliona jicho lile. Nilidhani ni la kumuaga.

Nimemnunulia Kishiwa begi la safari, la maua. Limo stoo, nalala nalo.

Jumapili, 18 Mei

Sijui niandike vipi.

Asubuhi Lightness ameaga. Amesema hafanyi kazi na mashine inayokufa na kufufuka. Anarudi Kilangali, shamba la mbegu, maana mbegu ikifa inakufa moja kwa moja na mtu anajua apande nyingine. Akapanda bodaboda, akaenda. Nikamwona akiondoka na mpango wangu wote mgongoni.

Baada ya ibada niliitwa dirishani. Nilivaa shati safi. Nilikwenda na begi la maua. Mama Shimba akakaa upande wa ndani, akaliambia tenki kwamba ameona kwa macho yake kitu kilichokufa, kikawashinda mafundi, na binti yake akakifufua kwa vidole. Mtu wa namna hiyo haachiwi hivi hivi. Kishiwa atabaki mpaka msimu wa watalii uishe.

Msimu wa watalii! Haujaanza hata!

Nikasahau mila. Nikasema dirishani moja kwa moja, bila tenki, kwamba lakini mama, huyu ni mke wangu! Kuku wakaacha kudonoa. Nikaziba mdomo kwa begi.

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akasema polepole. "Tenki, mwambie kijana. Mtu akitaka mke wake, anamtuma mshenga wake. Mshenga anakuja, anakaa, anakunywa maziwa, anasema tumemkumbuka mtu wetu. Nimengoja wiki nzima. Mchele wa kumpa aondoke nao nilishaupepeta. Sikuona mshenga, niliona flashi. Anayeleta flashi anataka kompyuta. Kompyuta amepata."

Kishiwa amenisindikiza stendi chini ya mwavuli mmoja. Hatujawahi kuwa karibu hivyo wiki nzima, na ilikuwa ni kwenda kuachana. Alilia kidogo kwenye pindo la kitenge. Akasema, mume wangu, mshenga wetu ni Mzee Makarius, yuko nyumba ya pili kutoka kwetu, mtume tu, mama atanitoa siku hiyohiyo. Nikamwambia asijisumbue kichwa chake kizuri, mumewe ana mipango. Akanitazama muda mrefu, mpaka konda akagonga bodi. Macho gani yale! Yalijaa imani.

Jumatano, 21 Mei. Kilosa

Mvua. Treni ya umeme imepita stesheni, madirisha yote yanawaka, na hakuna aliyeshuka kwa ajili yangu. Maharage yameungua. Nimekula yale ya juu. Shuka nimelifua, sasa halinuki kitu.

Kazini wameniuliza kama nimepona. Nimesema bado.

Jioni Mzee Makarius amepita mlangoni na mwavuli wake. Shikamoo, mzee. Marahaba, mwanangu. Akasimama. Akasema wiki hii hana safari yoyote. Akasema viatu vyake vya safari amevipiga kiwi. Akasema amesikia maziwa ya Mikumi ni mazuri. Akaniuliza kama kuna neno lolote la huko angeweza kunisaidia kulibeba. Nikamshukuru, nikasema hakuna, mzee, mambo shwari. Akabaki amesimama kidogo kwenye mvua kama aliyesahau kitu, kisha akaenda. Mtu mwema sana. Ila karne hii, mtu atatumaje mzee apande gari hadi Mikumi kusema jambo? Hana hata barua pepe.

Halafu mtandao nimeshautazama vizuri, nimeona kosa lilikuwa wapi. Si mimi. Ilikuwa draiva.

Kishiwa amepiga simu sasa hivi. Sauti imechoka, maskini, kama ya mtu anayeongea amelala kifudifudi. Ameniuliza kama nimemwona mzee. Nimesema nimemwona, ni mzima, anakusalimu. Akasema basi. Kisha ili tu tusikate simu, akanisimulia ya kazini: risiti za wageni siku hizi zinatoka na mstari mweupe katikati.

Moyo ukaruka! Printa! Sikujua kama wana printa! Na printa nayo ina draiva yake! Tena imewekwa mapokezi, si chumbani. Naweza kuishika kwa mikono yangu mwenyewe!

Nimemwandikia papo hapo: mke wangu, futa machozi, njia nimeipata, mwambie mama mtu yeyote asiiguse. Kabla mwezi haujaisha nitakuja.